Washambuliaji wa pili si watu wa kubeba maji



Tangu wiki iliyopita maneno iko mingi hapa shuleni juu ya mashindano ya mpira yanayokuja. Asubuhi kabla ya ibada, saa ya mapumziko, jioni kwenye bomba la maji, ni swali moja tu: nani watacheza mbele? Na jibu ni lilelile: majina matatu. Hayo majina matatu siyapingi. Wale kaka wanaujua mpira, kila mtu ameona. Lakini mimi nauliza neno lingine ambalo sisikii mtu akiuliza. Nyuma ya hao watatu, kuko nani?

Tuseme ukweli. Katika mazoezi yetu wale watatu njo wanaopiga mashuti. Wengine, wanne ama watano, wanasimama nyuma ya goli kutafuta mpira katika majani. Siku ya mechi wanabeba ndoo ya maji, na kisha mechi wanafua jezi. Mmoja wa wale watatu akishikwa na malaria, tunafanya nini? Tunamtoa beki nyuma tunamtupa mbele. Hapo tumepoteza mara mbili: mbele hatuna mshambuliaji, na nyuma mlango unabaki wazi. Halafu tunarudi nyumbani tunasema mwamuzi alikuwa na upande wake.

Inchi yetu yenyewe imetupa mafundisho juu ya jambo hili, tena ya wazi sana. Wazee wetu wanapenda kusimulia Léopards wa mwaka 1974. Kombe la Afrika kule Misri, Zaïre ilishinda, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Hesabu hiyo haijapitwa na mtu hata leo katika kombe moja la Afrika. Ekipe nzima ilifunga mabao 14. Toa 9, inabaki 5 kwa watu wengine wote pamoja. Katika mechi mbili za mwisho na Zambia, ile ya 2-2 na ile ya kurudia ya 2-0, mabao yote 4 ni ya Ndaye peke yake. Ni ajabu, na ni utukufu kwake. Lakini ukitazama vizuri hesabu hiyo inatia hofu kidogo.

Miezi mitatu nyuma yake walikwenda Ujerumani kwa Kombe la Dunia. Na Scotland 0-2. Na Yugoslavia 0-9. Na Brazil 0-3. Hakuna bao hata moja. Katika ile mechi ya Yugoslavia, Ndaye alipewa kadi nyekundu mapema, karibu dakika ya 22, tena kwa kosa ambalo si yeye aliyelifanya. Alipigwa mwamuzi, na mwamuzi akamwona mtu mwingine. Sitasema kwamba tulipoteza kwa sababu ya Ndaye kutoka. Hapana. Kulikuwa mambo ya pesa ambazo wachezaji waliahidiwa na hawakuzipata, na moyo wao ulikuwa umevunjika. Lakini kazi ya kufunga ilikuwa imewekwa juu ya mabega ya mtu mmoja, na yule mtu alipoondolewa, kazi iliondoka naye.

Sasa weka kando ya hiyo mwaka 2010, Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi. Mchezaji wao mkubwa alikuwa Trésor Mputu. Mwaka huo FIFA ilimfungia miezi 12 juu ya fujo na mwamuzi kule Kigali, na mwenzake Guy Lusadisu naye alifungiwa. Watu wengi walisema, basi, Mazembe imekwisha. Kumbe! Fainali ya Afrika waliipiga Espérance ya Tunis 5-0 kule Lubumbashi, kisha 1-1 kule kwao. Mwezi wa kumi na mbili wakaenda Abu Dhabi kwa kombe la dunia la klabu. Wakaifunga Pachuca ya Mexico 1-0, bao la Bedi Mbenza. Wakaifunga Internacional ya Brazil 2-0, la kwanza Kabangu, la pili Kaluyituka. Mabao matatu, watu watatu mbalimbali, na Mputu hayuko uwanjani. Njo hivyo ekipe ya Afrika ilifika fainali ya kombe hilo mara ya kwanza. Fainali Inter ya Milano iliwapiga 3-0, ni kweli, lakini ni nani hapa Punia hakumwona Kidiaba akiruka kwa matako, ama hakusikia habari yake?

Kuna mchezo mwingine unaoonyesha jambo hili kuliko mpira wetu: hoki ya barafu. Msicheke. Najua hapa barafu tunaiona tu katika chupa ya mwenye friji. Lakini hata Nairobi kuna ekipe yake, Kenya Ice Lions, inayocheza katika hoteli ya Panari juu ya barafu iliyotengenezwa na mashine. Katika mchezo huo wanasimama watu sita, mmoja ni kipa, na mbele wanacheza watatu watatu. Kukimbia kule ni kwa nguvu yote, hivi kwamba kisha nafasi isiyofika dakika moja wale watatu wanatoka na watatu wengine wanaingia, mchezo haujasimama. Ekipe kubwa inakuja na mistari minne ya mbele, ni kusema washambuliaji 12. Mtu wa mstari wa tatu anajua ataingia mara nyingi katika mechi ileile. Hakai pale kungoja mwenzake avunjike mguu.

Na matokeo yake yanaonekana. Ekipe ya Edmonton ya Canada ina Connor McDavid, ambaye wengi wanamwita wa kwanza duniani. Walifika fainali mwaka 2024 na tena 2025, na mara zote mbili Florida iliwashinda. Mwaka 2024 McDavid alipewa hata zawadi ya mchezaji bora wa yale mashindano, na kombe likaenda kwa wengine. Mwaka 2025 waliowasumbua Edmonton sana ni mstari wa tatu wa Florida, na ndani yake mzee mmoja wa miaka 37, Brad Marchand. Mstari wa tatu! Kwetu sisi mstari wa tatu angekuwa anafua jezi.

Wengine watanijibu: mpira wa miguu si hoki, mtu akitoka harudi tena. Ni kweli. Lakini tangu 2020 sheria iliruhusu kubadilisha watu watano, na tangu 2022 ni sheria ya kudumu. Watano katika kumi wanaokimbia ni nusu. Katika Kombe la Dunia la 1974 walikuwa wawili tu. Leo mwalimu wa mpira anayeweka watu wawili tu tayari, anacheza na sheria za zamani mbele ya mtu anayecheza na za leo. Na hapa kwetu, mechi ya saa tisa, jua la kuleta mvua, uwanja wenye matope: kila mtu ameona vile wale watatu wetu wanashika kiuno dakika ya sabini.

Wengine wanasema: hao wa pili hawajui kufunga. Ndugu, watajulia wapi? Mtu anayeokota mpira nyuma ya goli mwaka mzima atajua sana kuokota.

Kuna jambo lingine tena, nalo linaniuma kuliko mashindano yenyewe. Wawili katika wale watatu ni wa darasa la mwisho. Mtihani wa Serikali ukifika, wametuacha, na wana haki. Kila mwaka ni hivyo: tunapata ekipe nzuri, inakwenda na diploma zake, mwezi wa tisa tunaanza na sifuri. Dada zetu upande wao wameanza kuwaita wadogo katika mazoezi, na ukiwatazama utaona tofauti.

Sisi ni shule ya kanisa, basi nikumbushe pia Daudi na kijito cha Besori, katika Samweli wa kwanza, mlango wa 30. Watu 600 walitoka pamoja, 200 walichoka wakabaki na mizigo. Wale waliorudi na ushindi hawakutaka kugawa nao mateka. Daudi alikataa, akaweka sheria kwamba anayekwenda vitani na anayelinda mizigo wapate sehemu sawa. Hapa kwetu, kisha mechi tukishinda, chakula wanakula kumi na mmoja. Mwenye ndoo anakula kile kinachobaki, kama kinabaki.

Ninaomba basi, kwa heshima, mwalimu wetu wa michezo na Bwana Prefe watazame haya. Kila siku ya mazoezi nusu ya mashuti yapigwe na wale wa pili. Mechi za kirafiki, hao wa pili waanze, na wale watatu waingie kipindi cha pili, siyo kinyume. Jezi zifuliwe kwa zamu, kapiteni naye ndani. Na ile jozi ya viatu iliyobaki katika depo, ambayo tunaambiwa inangoja mmoja wa watatu aharibu zake, ipewe sasa mdogo mmoja wa mstari wa pili, maana amekuwa akicheza miguu mitupu tangu mwezi wa kumi.