Mbele ya kununua motokari "karibu mpya"



Juma hili tunajibu ulizo linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu. Mama amepokea zamu yake ya likelemba, ameongeza akiba yake na mkopo wa kikundi, sasa anatafuta motokari ndogo ya kupeleka watoto masomo na kubeba bidhaa za soko. Komisionere anamwonyesha Toyota Vitz yenye milango mitano. Inang'aa, kontere inaonyesha kilomita 38 000. "Mama, hii ni karibu mpya." Je, tumwamini?

Tusimwamini wala tusimkatae, tuombe ushahidi. Sabuni inang'arisha motokari yoyote, na kontere inaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Motokari ya kuaminika ni ile ambayo makaratasi, mwili na mota vinasema neno moja.

Tuanze na makaratasi. Vitz nyingi za hapa Lubumbashi zilitumika kwanza Japani, zikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa barabara kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Kule Japani, motokari ndogo ya mtu binafsi inapimwa kwa lazima ikitimiza miaka 3, halafu kila miaka 2, na kilomita zake zinaandikwa. Omba cheti kilichotolewa Japani wakati wa kuisafirisha, ulinganishe kilomita zake na za kontere. Namba ya chasi iwe ileile kwenye motokari, kwenye cheti na kwenye makaratasi ya duane. Akisema cheti kilipotea, usiridhike na kupunguziwa bei tu. Angalia mengine yote kwa macho makali zaidi.

Jina pia linasaidia. Kule Japani jina Vitz lilianza mwaka 1999 na likaachwa mwaka 2020, motokari hiyo ikaanza kuitwa Yaris. Kwa hiyo, mtu akikuuzia "Vitz ya mwaka 2022", umri huo si wa kweli.

Sasa mwili. Kila pine lina tarakimu 4 za tarehe: 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Angalia mpira wa pedali ya freni na ngozi ya volani. Vikiwa vimelika sana, kilomita 38 000 ni hadithi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukikuta alama ya matope, na vyuma chini ya viti vimeshika kutu, huenda motokari ilizama katika maji, na shida za umeme zitakufuata kila siku. Halafu zungusha ufunguo bila kuwasha mota: taa ya mifuko ya hewa inapaswa kuwaka kidogo, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda mtu aliikata ili kuficha ajali. Hapo ni usalama wa watoto wako.

Mota nayo isikilizwe ikiwa baridi. Fika asubuhi mapema, na umwombe muuzaji asiiwashe mbele yako kufika. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba inakula mafuta ya mota. Moshi mweupe usioisha hata mota ikiisha kupata moto, huku maji ya radiateri yanapungua, ni dalili kwamba maji yanaingia ndani ya mota. Kisha endesha kwa dakika 20, na upande mlima. Vitz nyingi za otomatiki zina mkanda wa chuma ndani ya bwati ya vitesi, na zinahitaji mafuta yake maalum. Ikitetemeka wakati wa kuondoka, au mota inalia sana bila mbio kuongezeka, iache. Kutengeneza bwati hiyo kunaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyonunulia.

Fundi wa kuipima awe wako, umlipe wewe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na komisionere anakula kwa komisionere. Tena usiende peke yako. Nenda na mama mwenzako ambaye hana haraka ya kununua, maana moyo ukiisha kupenda rangi, masikio hayasikii mota.

Mwisho, usimalize dola zote kwa muuzaji. Kati ya kila dola 10, bakiza angalau 1 kwa mafuta mapya ya mota, filta, freni, plaki na asiranse. Vumbi letu la kiangazi halina huruma: filta ya hewa iliyojaa inachosha mota, hata iliyo karibu mpya kweli.

Tunasema haya kwa sababu makuta ya kikundi ni ya wengi. Motokari ikisimama, deni halisimami. Minervali ya watoto ndiyo inaanza kuguswa, na mama anaanza kukwepa mkutano kwa haya.

Kazi ya juma hili: katika mkutano wenu, mwulizeni kila mama anayefikiria kununua motokari, nani atamsindikiza na fundi gani ataipima. Asiye na jibu, angoje kidogo. Motokari nyingine zitakuja.