Hinemihi Si Kitu

Limezuka miongoni mwetu, Waswahili wa ughaibuni, neno ambalo wasemaji wake hulitamka kana kwamba ni hekima: kwamba sanaa haina kwao. Nililisikia tena majuzi kwa mwandani wangu, mtu wa kalamu na wa safari, aliyekuwa amekwenda Clandon Park, katika jimbo la Surrey hapa Uingereza, kuitazama nyumba ya Kimaori iitwayo Hinemihi. Akasema ni mchongo wa hali ya juu, na ni bahati njema kwamba Waingereza waliuhifadhi. Kauli hiyo naipinga. Kihistoria haisimami, na kwa adabu tulizolelewa nazo inatia haya.

Nianze na sarufi. Mwandani wangu alisema "ilijengwa", nami nasema "alijengwa". Hinemihi ni jina la bibi, mzazi wa kale wa ukoo, na nyumba ni mwili wake. Boriti kuu ya paa ni uti wa mgongo, pau ni mbavu, na mbao mbili zinazoteremka mbele kutoka kileleni ni mikono iliyokunjuliwa kumpokea mgeni. Aingiaye huingia kifuani mwa bibi. Lugha yetu, iliyojaliwa ngeli ya watu, inaweza kulisema jambo hili bila taabu, lakini sisi tunaona bora kumtia bibi wa watu katika ngeli ya meza.

Alijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 katika kijiji cha Te Wairoa, Nyuzilandi, akachongwa na mafundi Wero Tāroi na Tene Waitere. Hapo Watuhourangi walikuwa wakiwapokea watalii waliofika kutazama matuta ya mawe meupe na ya waridi ya ziwa Rotomahana, na fedha zilikuwa zikiingia. Kwa kawaida macho ya michongo ya Kimaori hutiwa kombe linalometameta. Hinemihi alitiwa sarafu za dhahabu. Maelezo haya yawaudhi wale wanaotafuta "utamaduni safi" usioguswa na soko. Wamaori wa Te Wairoa waliwajua watalii vizuri kuliko watalii walivyowajua wao, na waliwatoza.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ulilipuka. Matuta yakatoweka, kijiji kikafukiwa, watu zaidi ya 100 wakafa. Waliokimbilia ndani ya Hinemihi walitoka hai. Basi tunapozungumza juu ya nani alimhifadhi nani, tuukumbuke usiku huo kwanza.

Miaka sita baadaye Lord Onslow, gavana aliyekuwa akimaliza muda wake, alimnunua kwa pauni 50 na kumsafirisha hadi kwenye bustani yake ya Surrey. Mwandani wangu hulishika sana hili: aliuzwa, hakuibwa. Sikanushi kwamba aliuzwa. Nauliza tu ni biashara gani hiyo ambayo muuzaji amefukiwa ardhi yake, amepoteza chumo lake lote, na mnunuzi ndiye mtawala wa nchi. Na huko bustanini alihifadhiwa vipi? Alipokarabatiwa katika karne ya 20 aliezekwa nyasi nene, kwa sababu, kama inavyoelezwa, mafundi waliisoma vibaya picha iliyopigwa baada ya mlipuko: majivu yaliyolala juu ya paa wakayadhania kuwa ni nyasi. Wakamvisha bibi msiba wake kama kofia, na wapita njia wakaisifu.

Waliomtunza kwa maana ya kweli ni wenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaleta askari wa Kimaori majeruhi katika hospitali ya Clandon, walimkuta bibi yao uwanjani. Baadaye Wamaori wa London, waliojikusanya katika kikundi cha Ngāti Rānana, walikuwa wakienda kwake kuimba na kuwazungumzisha watoto lugha yao. Sisi tunaokodi ukumbi wa shule ili watoto wetu wasikie Kiswahili walau Jumamosi moja tungepaswa kulielewa hilo pasipo kuelezwa.

Tena ni sisi hawahawa tunaopaza sauti juu ya vigango vya Wamijikenda vilivyong'olewa na kuishia katika makumbusho ya Marekani. Hapo hatusemi kwamba sanaa haina kwao. Hapo tunajua kwamba kigango ni marehemu mwenye jina, na kwamba kukihamisha ni kumsumbua.

Kwetu mgeni hupiga hodi na kungoja karibu. Kwa Wamaori adabu ni kali zaidi: mgeni husimama kimya mbele ya uwanja hadi mwanamke wa nyumba amwite kwa sauti ya juu, kisha hueleza ametoka wapi na ni wa nani. Mwandani wangu aliingia kwa tiketi.

Mwaka 2019 National Trust, wamiliki wa Clandon Park, walikubali kimsingi kwamba michongo ya Hinemihi irudi kwao, na mahali pake iwekwe michongo mipya itakayochongwa na Wamaori. Mwandani wangu ananiuliza msafiri atabaki na nini cha kutazama. Atatazama hiyo mipya, iliyotolewa na wenyewe kwa hiari. Na akitaka kumwona Hinemihi, nauli ya kwenda Nyuzilandi anayo. Huko atangoje aitwe.