Saa Moja ya Tiketi na Siku Nzima ya Safari

Kwa Mhariri,

Umbali wa ndege hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kiwanja hadi kiwanja. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 420, na tiketi huandikwa muda wa takribani saa moja. Hesabu hiyo ni ya ndege, si ya abiria.

Ithookwe, karibu na mji wa Kitui, pana uwanja mdogo, na Makindu katika Makueni upo mwingine. Lakini hakuna hata mmoja wenye ndege za abiria za kila siku. Mkazi wa huko huanza kwa barabara hadi Nairobi, na hutakiwa kufika mapema kwa ukaguzi.

Mama mmoja wa Kitui, mzazi wa mwandishi wa barua hii, alikatiwa tiketi kwenda kumzika dada yake Likoni, Mombasa. Wakala alimwambia, "Mama, ni saa moja tu." Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kiondo begani. Ndege yenyewe haikuchelewa. Alivuka kwa feri saa saba u nusu, akakuta udongo wa kaburi umeshasawazishwa. Alisimama pale, kiondo bado begani, hakusema neno.

Mawakala wa tiketi wanaombwa wamweleze abiria muda wote, mlango hadi mlango. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni nazo zijibu: viwanja vya Ithookwe na Makindu vitahudumia wananchi lini?

Msomaji, Kitui