Kodi Isisamehewe Bure

Mwaka 1992 Serikali ya Zanzibar ilitenga Fumba, Unguja, na Micheweni, Pemba, yawe maeneo huru ya uchumi, ambako mwekezaji husamehewa kodi. Sasa wenye mitaji ya hoteli wanaitazama Pemba, na mimi nina neno moja: mtu asisamehewe kodi kabla haki ya wanakijiji haijaandikwa ndani ya mkataba.

Kodi inayosamehewa ni mali ya umma. Hoteli ikiondolewa ushuru wa saruji, vigae na majokofu, pengo hilo huzibwa na sisi tunaonunua sukari dukani. Anayelipa ana haki ya kuweka sharti.

Tazameni Paje na Jambiani, Unguja. Kilimo cha mwani kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hushuka na vigingi na kamba maji ya bamvua yanapokupwa, na hapo walimapo ndipo mgeni anapotaka kuogelea. Wakigombana, hushinda mwenye hati. Mama wa mwani hana hati, kwa kuwa shamba lake halikupimwa na mtu. Basi lipimwe! Kabla ramani ya hoteli haijapitishwa, yachorwe mashamba ya mwani, madiko ya ngarawa na njia za kushukia pwani, na masheha, wavuvi na akina mama wenyewe wawepo.

Chakula nacho kina habari yake. Mboga na matunda mengi ya hoteli zetu huvushwa kutoka bara. Tusimlaumu mpishi: yeye anataka nyanya za kiwango kilekile kila asubuhi, na mkulima mmoja hawezi kumhakikishia hilo. Serikali ijenge vyumba vya baridi na vituo vya kukusanyia mazao vilivyo mikononi mwa ushirika, kisha imwambie mwekezaji: msamaha wako utadumu kadiri unavyonunua hapa.

Wako watakaosema mwekezaji atakimbilia Kenya, ambako sheria ya mwaka 2015 imeyataja maeneo maalumu ya utalii. Aliyekuja kwa ajili ya msamaha tu ataondoka siku utakapokwisha. Aliyekuja kwa ajili ya pwani ya Pemba hataipata Mombasa.

Waheshimiwa Wawakilishi, bajeti ijayo itakapofika mbele yenu, dai ni hili: Waziri alete orodha ya waliosamehewa, kiasi walichosamehewa, na walichonunua kwa wakulima na wavuvi wetu. Orodha hiyo ibandikwe katika kila shehia inayohusika.