Kilimo Ikolojia Hakiendeshwi kwa Waraka Mmoja

Tangu serikali ilipozindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai wa 2023 hadi 2030, wanafunzi wangu huniuliza: mkulima wa Tanzania afundishwe njia ipi ili nchi isipate njaa? Kasoro imo ndani ya swali lenyewe. Tunaye mkulima wa Mbinga, wa Moshi na wa Shinyanga, na kila mmoja ana ardhi na mvua yake.

Katika miteremko mikali ya Mbinga, Wamatengo hulima ngoro. Nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kuporomosha udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea.

Kilimanjaro wana kihamba: migomba na kahawa chini ya miti mirefu, samadi kutoka zizini, maji kutoka mferejini. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo katika kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Usukumani kuna ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Hapo ndipo penye funzo chungu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu kwa amri moja nchi nzima, na ngitili nyingi zikaachwa zikaharibika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, nao ulitanguliza miche ya vitaluni, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja uliporejea kwenye ngitili zenyewe. Hadi ulipofungwa mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerudishiwa uoto.

Sisemi kwamba mila zote ni dawa. Vihamba vinagawanywa kwa urithi hadi vinashindwa kulisha kaya. Kuchimba ngoro ni kazi nzito, na sehemu kubwa huwaangukia wanawake. Wala sipingi mbolea ya ruzuku pale udongo unapoihitaji. Ninachopinga ni kubadilisha waraka mmoja wa mbolea kwa waraka mmoja wa mboji, tukauita mageuzi. Ngitili inataka ardhi pana, kihamba kinataka maji, ngoro inataka mteremko. Ukivibadilishana mahali, vyote vitakufa.

Kwa hiyo, mkakati huu ushushwe hadi halmashauri, na kila halmashauri ikae na wakulima wake iorodheshe mbinu zinazofanya kazi, zinazodhoofika na sababu za kudhoofika. Afisa ugani asipimwe kwa idadi ya mifuko aliyogawa tu, apimwe pia kwa akiba ya chakula iliyobaki katika kaya anazozihudumia kabla ya mavuno mapya. Nasi wa vyuo vikuu tuache kuifundisha ngoro kama simulizi ya kale. Tuipime shambani, pamoja na wanaoichimba.

Bajeti ya halmashauri yako itakaposomwa, uliza fungu la kazi hiyo ni shilingi ngapi. Lisipokuwepo, mkakati haujafika kwenu.