Kukisia Si Kupima

Gari la zamani linapozimika njiani, aghalabu neno la kwanza kusikika ni hukumu: "Pampu imekufa." Pampu mpya hununuliwa, hufungwa, na kesho yake gari huzimika tena. Fedha imepotea, na pampu iliyotupwa huenda ilikuwa nzima. Kosa hili si la mikono ya fundi, ambayo mara nyingi ni hodari. Ni kosa la kuhukumu kabla ya kupima, na mizizi yake imo darasani.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, gari lililoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, likashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Tangi lake liko nyuma, injini iko mbele. Husemwa kwamba pampu huvuta petroli. Kwa hakika, pampu hupunguza kanieneo ndani ya bomba, na hewa iliyo tangini ndiyo inayoisukuma petroli. Basi hewa haina budi kuingia tangini. Katika magari mengi ya enzi hiyo hupitia tundu dogo la kifuniko. Tundu hilo likizibwa na vumbi, kanieneo ya tangini hushuka kadiri petroli inavyotumika, hata kabureta ikakauka. Dereva akingoja, hewa hupenya polepole, na gari huwaka kana kwamba halikuwa na kasoro.

Jaribio lake halina gharama: kifuniko kifunguliwe. Hewa ikisikika ikiingia kwa nguvu, na gari likaenda vyema, mkosaji amepatikana. Isipokuwa hivyo, chujio lichunguzwe, kisha mabomba. Bomba lililo kabla ya pampu likipasuka huweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone. Lililo baada yake huvuja. Pampu na kabureta hufuata. Kila hatua hubadili jambo moja tu, injini ikiwa imepoa, mahali pa wazi, pasipo moto wala sigara.

Wapo wasemao kwamba fundi mzoefu hahitaji mpango huo, kwa kuwa sikio lake latosha. Uzoefu ni hazina, lakini humpa mtu dhana ya kuanzia tu, haumpi uthibitisho.

Shule haihitaji gari wala petroli kulifundisha jambo hili. Chupa iliyojaa maji, kizibo kinachobana na mrija uliopenya kizibo hicho vyatosha. Mwanafunzi anyonye: maji yatapanda kidogo, kisha yatakataa. Kizibo kilegezwe: yatapanda tena. Mwanafunzi aliyeona hayo na kueleza sababu yake hatakuwa mwepesi wa kutupa pampu nzima. Mwalimu anayeikariri kanieneo ubaoni bila chupa hiyo humwachia mwanafunzi maneno matupu, na gharama yake hulipwa baadaye gerejini.