Twende Ujiji, Lakini Tusiishie Kwenye Jiwe



Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya safari za wanafunzi kwenda Ujiji. Wengi waendao huko hurudi na picha moja tu: wamesimama mbele ya jiwe la Livingstone na Stanley. Ukiwauliza wameona nini tena, hujibu, "Hakuna kitu, ni mji mdogo tu." Jibu hilo mimi silikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuanze na jiwe lenyewe. Sisi watu wa Bujumbura tunalo la kwetu pale Mugere, kusini ya mji, nalo limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Wako wanaodhani hapo ndipo wale wasafiri wawili walipokutana. Sivyo. Walikwisha kukutana Ujiji mwaka huohuo, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwa macho yao kwamba unaingia. Basi wakajua kuwa maji ya ziwa letu hayaendi Nile kwa njia hiyo.

Hadithi hiyo ni nzuri, lakini tazama namna tunavyoisimulia. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley njiani alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na baada yake Chuma. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wangapi kati yetu, wakisimama mbele ya jiwe, hukumbuka majina hayo mawili?

Tena Ujiji haukungoja Stanley ili uwe mji. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko tayari. Hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na hapo ndipo mitumbwi ilipoanzia kuvuka kwenda Manyema. Samaki na mawese vilitoka ziwani na pwani zake, chumvi ilitoka Uvinza, nguo na shanga zilitoka pwani ya bahari, na shanga hizo zilitumika kama fedha. Watu wa makabila mengi walikutana hapo, na kila mmoja alitaka kununua na kuuza. Wangesemezana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Soko lilikuwa shule yao, wala hapakuwa na mwalimu wala mtihani.

Wengine husema, "Ikiwa ulikuwa mji mkubwa, mbona leo ni mdogo?" Sababu zinajulikana. Tangu miaka ya 1870 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipofunguka, maji ya ziwa yalishuka na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali. Halafu mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, kwa kuwa Kigoma ina ghuba nzuri yenye kina. Meli na mizigo vikafuata reli. Ujiji haukufanya kosa lolote; njia ndiyo iliyohama.

Likizo iliyopita sisi wanafunzi wanne tulikwenda. Tulipanda basi, tukapita Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka Mugina, tukafika Kigoma, kisha Ujiji. Mbele ya jiwe na miembe yake tulikaa nusu saa. Sokoni tulikaa siku nzima. Hapo niliona kwamba ndagala wetu huko ni dagaa, na mukeke wetu huko ni mgebuka. Mwenzangu alibishana na mama mmoja muuza samaki, akisema huyu ni mukeke. Yule mama akamjibu, "Mwanangu, jina ni lenu, lakini samaki ni wetu sote. Nunua!" Tukacheka, tukanunua. Jioni mzee mmoja alitukaribisha kwenye baraza yake, akatuambia kwamba babu yake alitoka Manyema, na kwamba ana ndugu zake Buyenzi. Yaani hapa hapa Bujumbura! Tumesafiri kwenda nchi ya watu kumbe tumewafikia jirani zetu.

Sasa nije kwenye neno zito. Yupo atakayesema, "Ujiji ulikuwa mji wa watumwa. Twende kuusifu kwa nini?" Ni kweli, watumwa waliuzwa hapo pamoja na pembe za ndovu, wala mtu asijaribu kulificha jambo hilo. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Wazee wetu walikuwa na haki ya kuogopa mashua zilizotoka upande ule.

Lakini tuwe na akili ya kupambanua. Aliyeuza watu si sawa na aliyeuzwa, wala si sawa na mpagazi, mvuvi, au mama wa mawese. Katika Burundi neno "Mswahili" limekuwa tusi. Mtu akidanganya, huambiwa ana uswahili. Hata katika uwanja wetu wa michezo mwanafunzi wa Buyenzi huitwa hivyo na wenziwe, nao hucheka. Nawauliza wanaocheka: mwenzenu amewadanganya nini? Wengi katika wazee wa mitaa ile ni wajukuu wa watu waliopitishwa njia hiyo bila kupenda. Tunamtoza mjukuu deni la yule aliyemwonea babu yake. Hiyo si haki hata kidogo.

Sisi wanafunzi wa shule ya misioni inatupasa kukumbuka jambo moja zaidi. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na kutoka huko wakaja Rumonge mwaka huohuo, ambako wamisionari watatu waliuawa mwaka 1881. Njia iliyoleta maovu ndiyo hiyohiyo iliyoleta wamisionari. Hatuwezi kuipenda njia kwa nusu na kuidharau kwa nusu, kisha tukasema tumeifahamu.

Leo Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2021 ulimwengu umewekewa tarehe 7 Julai kuwa siku ya lugha hii. Sisi asubuhi tunaandika mtihani wa Kiswahili, na mchana tunamtukana yule anayekizungumza nyumbani kwa mama yake. Aibu!

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwaka darasa la mwisho liende Ujiji, na likae huko siku mbili kamili. Siku ya kwanza iwe ya soko: kila mwanafunzi aandike majina ishirini ya vitu kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha huko. Siku ya pili iwe ya wazee: tukae barazani, tuulize kwa adabu, tusikilize, tuandike. Tukirudi, habari hizo zichapishwe katika gazeti hili. Jiwe nalo tulione, lakini liwe la mwisho.

Najua nauli ni tatizo, na wazazi wengi hawana. Hapo ndipo ninapowaomba ninyi kaka zetu mnaofanya kazi. Kila mwaka mnatuletea mpira wa kuchezea, nasi tunashukuru. Mwaka huu tuleteeni nauli ya wanafunzi watano, tuone matunda yake.

Na yule asiyepata nauli asikate tamaa. Buyenzi haihitaji basi la mbali wala hati ya kuvuka mpaka. Aende Jumamosi moja, abishe hodi kwa mwenzake wa darasa, amwamkie babu wa nyumba ile "Shikamoo," kisha amuulize wazee wake walitoka wapi. Huenda akajibiwa: Ujiji.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Bujumbura